Siku Niliyowafundisha Wagonjwa Kuwa Wepesi

Nianze mwenyewe kabla hamjaanza nyinyi, maana najua jina langu likitajwa kisimani kuna wanaoziba midomo kwa kanga. Ndiyo, ni mimi, Atija, niliyekaa kwenye baraza la kituo cha afya asubuhi nzima nikiwafundisha wagonjwa namna ya kuumwa. Mlicheka, na ningekuwa nyinyi ningecheka pia, ningecheka mpaka nishike ukuta. Lakini mliocheka mliondoka mapema, hamkukaa mpaka mwisho wa mkasa, na mwisho wake una Somoe wa Mute ndani yake, na huko mimi sijaona pa kuchekea.

Mjukuu wangu Amade ni dotori. Siyo mchoma sindano, siyo mfunga vidonda, dotori mwenyewe, wa koti jeupe, aliyesomea Nampula miaka mingi mpaka nikasahau sura yake (nasema uongo, sikuisahau hata siku moja). Nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki, mtoto hajaota meno. Basi serikali ilipomleta kituo chetu hapa Palma nilipita nyumba kwa nyumba kama mtu anayealika harusi, na nyumba ambazo tulikuwa hatusemezani niliingia pia, hizo ndizo nilizokaa zaidi. Wengine wanamwita dotori Amade. Mimi namwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake, na siachi hata mbele ya wageni, na yeye anaona haya mpaka masikio.

Wakati huo gesi ndiyo kwanza imeonekana baharini na mji umechanganyikiwa. Asubuhi helikopta, mchana magari yenye vibendera, watu wamekuja kutoka kila pembe kutafuta kazi, na chumba kilichokuwa cha mbuzi kinalala wanaume wazima na mabegi yao. Wote hao wakiumwa wanakwenda kwa Amade. Huyu anasema Kimakonde, huyu Kimakua, huyu Kimwani, yule Kireno cha kusini, na mtoto wangu anarudi jioni hana nguvu ya kumenya chungwa.

Tena ulikuwa wakati wa kupimwa. Hilo msilisahau, maana ndilo lililonipoteza. Walikuja watu na kamba na vyombo vya miguu mitatu, wakapima mashamba, wakahesabu minazi, kule rasini wakapiga rangi nyekundu mpaka kwenye makaburi ya wazee wa shemeji yangu. Na walikuwa na adabu! Wakipima wanasema asante, wakikanyaga mihogo wanaomba radhi. Unawauliza, haya mnayapimia nini, wanakujibu, mama, tukishapima tutaona la kufanya. Halafu ndiyo mnaitwa mkutanoni mnaambiwa mjiandae kuhama. Sisi tukalielewa hivyo, kila mtu hapa alilielewa hivyo: kikishapimwa, hesabu kimeondoka.

Sasa siku moja tunakula, wali na kamba wa nazi, Amade ananiambia hana muda mrefu, lazima arudi, kuna mgeni kazini kutoka Maputo, anaitwa dona Selia.

"Anafanya nini?"

"Anapima, Bibi."

Tonge langu likarudi kwenye sahani.

"Anapima nini tena?"

"Anatupima sisi madaktari. Anakaa nami chumbani, mgonjwa akitoka ananiuliza, huyu kuonana naye kulikuwa kugumu kiasi gani? Nataja namba. Moja ni mwepesi. Tano ni mgumu, mpaka natamani kulia."

"Mgumu ni mwenye ugonjwa mkubwa?"

"Hapana. Ugumu wa kuonana wenyewe. Kuna mtu ugonjwa wake mdogo tu lakini hatuelewani, anataka sindano, mimi nataka kumpa vidonge, ananuna. Kuna mwingine anaanza na ndoto aliyomwota marehemu mumewe, namngoja afike kwenye ugonjwa, hafiki, na nje watu wamejaa."

"Na leo umetaja namba gani?"

"Nne. Tano. Nne. Tano." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Leo nimechoka, Bibi."

"Na akishapima?"

"Wataona la kufanya," akasema, akanawa, akaondoka.

Wataona la kufanya! Neno kwa neno, kama walivyoambiwa watu wa rasini. Ningemkimbilia pale mlangoni nikamuuliza "la kufanya lipi, mume wangu", leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini mimi si mtu wa kuuliza, mimi ni mtu wa kutenda. Nilimwona Amade anapigwa rangi nyekundu, anapandishwa gari, anapelekwa mbali wanakotaka madaktari wasiochoka, na mimi nabaki na sufuria. Usiku huo nililala vizuri kabisa, kwa sababu nilikuwa nimeshajua dawa. Mimi ni kungwi. Nusu ya wanawake wa mtaa huu wamepita mkononi mwangu kwenye unyago, mimi ndiye niliyewafundisha kukaa, kumjibu mama mkwe, na kunyamaza wanapoumia. Nikasema, nimefundisha wasichana wasiojua kitu, nitashindwa na watu wazima wenye homa?

Asubuhi nikavaa kanga mpya, nikabeba jamvi, nikafika kituoni kabla ya mwenye ufunguo. Baraza lile mnalijua, paa la bati, mabenchi mawili, na wengine wote chini. Walipojaa nikapiga makofi yangu ya unyago. Wanawake wakanyamaza wenyewe (mkono huu wanaujua).

"Sikilizeni. Ndani kuna mgeni anampima mwanangu. Akionekana anachoshwa, anaondolewa. Mnataka aondolewe?"

"Hatutaki!"

"Basi leo kila mtu ana ugonjwa mmoja. Unaingia, salamu moja. Usimuulize habari za nyumbani, nyumbani kwake ni kwangu na mimi mnaniona, mzima. Unataja ugonjwa. Unapewa dawa. Unasema ahsante dotori. Unatoka. Sitaki ndoto, sitaki jirani aliyekutazama vibaya, sitaki mtu wa kudai sindano."

Nikaanza kuwachukua mmoja mmoja. "Wewe unaumwa nini?"

"Mgongo, na macho, na usingizi sipati, halafu kuna kitu kinatembea hapa ubavuni."

"Macho acha, hayo ni ya umri. Usingizi acha, nani analala na mahelikopta haya? Kinachotembea kiache kitembee. Sema mgongo."

"Mgongo."

"Halafu?"

"Ahsante dotori."

"Mwingine!"

Akaja mzee Laurindo, Mmakonde wa bara, mtani wangu, hatujawahi kusalimiana bila kutukanana. Kasimama, hakai. Nikamwambia kaa, unaniziba upepo.

"Nikae na nini? Kalio limeota jipu kama embe."

"Hilo huwezi kulisema mbele ya mwanamke wa Maputo. Sema mguu."

"Mguu hauumi."

"Kalio limeshikana na nini? Na mguu. Sema mguu."

"We bibi wa pwani," akasema, "siku ukifa nitakula ubwabwa wa matanga yako nimesimama hivihivi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kazi inakwenda, jua halijapanda. Ndipo Somoe akaingia uani.

Niwaambie Somoe ni nani, kwa wasiomjua. Tulitoka unyago mmoja, tulilala mkeka mmoja tungali na vifua vya bata, kisha yeye akaolewa kijiji cha Mute, akalima mihogo yake kando ya barabara, na sauti yake akiita wajukuu wake shambani dereva wa chapa, hivi vigari vya abiria, alikuwa anadhani ameitwa yeye, anasimama. Siku hiyo alikuja na chapa ya kwanza. Alikuwa amejifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, na joto lote lile. Niliona. Nikamkaribisha jamvini, akakaa pembeni kabisa, nusu jamvini nusu sakafuni, kama mtu anayeogopa kuchafua cha watu. Hilo nalo niliona. Macho ninayo, kilichokosekana kilikuwa kingine.

"Atija, nimekuja kwa mjukuu wetu. Nina mambo yangu."

"Mangapi?"

"Si ya kuhesabu. Nataka nimweleze taratibu. Nianzie mbali kidogo, nitafika."

"Usianzie mbali, Somoe! Huko mbali ndiko mnakomchoshea mtoto. Taja moja."

Akawatazama wanawake, akamtazama mzee Laurindo, akanitazama mimi.

"Kichwa, basi."

"Kichwa. Halafu?"

Nikamgonga begani kama ninavyowagonga wasichana wakisahau, mbele ya watu wote, mtu wa umri wangu.

"Ahsante dotori," akasema Somoe.

Wanawake wenzangu, nyinyi mnajua bila kuambiwa, lakini acha niseme. Mwanamke wa umri wetu hana namna ya kumwambia kijana, tena kijana aliyemwogesha akiwa mtoto, kwamba huku chini kuna jambo. Haliwezi kuwa neno la kwanza. Anaanza na ndoto, anapita kwa marehemu mume, anapita kwenye kiuno, anazunguka kwa jirani, na kila neno linamsogeza kidogo, mpaka anajikuta ameshalisema naye anatazama ukuta. Hiyo ndiyo njia, hakuna nyingine. Na mimi, kungwi, niliyepaswa kuijua njia hiyo kuliko wote, ndiye niliyekaa katikati yake na jamvi langu nikasema hapapitiki.

Chumba cha Amade kina pazia tu, hakina mlango, nami nilikuwa nimekaa karibu kusudi. Nikamsikia.

"Shikamoo Bibi Somoe."

"Marahaba baba."

"Unasumbuliwa na nini?"

"Kichwa."

"Tangu lini?"

"Kidogo tu."

"Na kingine?" (Alimuuliza! Mtoto msimlaumu, alimuuliza.)

"Ahsante dotori."

Kisha nikasikia dona Selia anauliza kwa Kireno, na Amade akajibu "um", ndiyo moja, namba za Kireno nazijua, nani ameuza samaki sokoni asizijue? Nikajipiga goti kwa furaha. Somoe akatoka, vidonge kavifunga kwenye ncha ya kanga, akainama kwangu.

"Nimefanya vizuri?"

"Umefanya vizuri sana."

Akaenda barabarani kungoja chapa ya kurudi. Alikuwa anatembea miguu imebanana. Na mimi nikasema, mwingine!

Basi ikawa um, um, um, kama mtu anayeitikia hadithi. Wagonjwa wanaingia wanatoka kama mchele kwenye tundu la gunia, na mie nimekaa nimenyoosha miguu kama bibi harusi. Sasa yule dona Selia siyo mjinga. Jana tano, leo moja zote? Pazia likafunguka, akatoka, mwanamke mwembamba wa miwani, Amade nyuma yake, uso haujaelewa kitu. Akawauliza wanawake kwa Kireno, Amade akafasiri: "Anauliza, jamani, leo mnaumwa nini?"

Na wao, kwa kuwa nimewafundisha vizuri mno, wakaitikia wote kwa pamoja, kwa sauti ile ya unyago, na kofi moja juu:

"Ahsante dotori!"

Kuku alipita. Ndipo mzee Laurindo, aliyekuwa ameshatoka chumbani na vidonge vya mguu, akashindwa kuvumilia.

"Dotori mwanangu, mimi siendi nyumbani na jipu langu! Bibi yako ametupangia magonjwa! Amenipa mguu mimi, mguu siutaki, nimekuja na kalio!"

Lo! Baraza lilipasuka. Wenye homa walicheka, wenye watoto mgongoni walicheka, vijana wa kazi za gesi waliokuwa wanangoja na kofia ngumu mapajani walicheka mpaka kofia zikabingirika. Na yule wa mgongo akadakia kwamba amenyimwa macho, na mwingine kwamba amenyimwa kifua, kila mtu anadai ugonjwa wake kwangu kama nimewaibia kuku.

Amade hakucheka. Akaja mpaka mbele ya jamvi.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimekufichia wagumu," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Wasije wakakuondoa."

Akamfasiria mgeni. Natamani yule mwanamke angekasirika. Hakukasirika. Alikaa kwenye benchi akavua miwani, akasema maneno machache, na Amade akayaleta kwangu taratibu, kama mtu anayemwambia mwingine kuna msiba. Kwamba hakuja kumwondoa mtu. Kwamba anapima ili waonekane wagonjwa ambao wao na daktari hawafikiani, iombwe nafasi zaidi kwa kila mmoja, aombwe mtu wa lugha, aombwe mama mmoja wa kukaa na wanawake wakaseme naye. Kwamba hao wagumu ndio aliowafuata mpaka huku.

"Zile tano zangu, Bibi," akasema Amade, "ndizo zilizokuwa zinaniombea msaada."

Nilikunja jamvi. Jamvi likagoma kukunjika, mnajua jamvi jipya, unalikunja huku linafunguka kule, na watu wanatazama. Mzee Laurindo ndiye aliyenishikia upande mmoja, na hakunitukana, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimeharibu kweli.

Amade akawaanza upya wote waliokuwa uani, mmoja mmoja, mpaka jioni. Waliokwisha kuondoka akawatumia salamu warudi. Aliporudi nyumbani aliniuliza, Bibi, na Bi Somoe, alikuwa na kingine? Na mimi, kwa ile hasira ya mtu aliyeaibika, nikamjibu kwa mkato: "Kichwa tu. Si alikwambia?"

Dona Selia alipomaliza siku zake alirudi kwao. Mimi nikabaki na jina. Watoto wananiona wanaimba Bibi Um, Bibi Um. Sokoni muuza dagaa ananiuliza, bibi, leo ununue samaki au uwafundishe kwanza? Nikaacha kwenda sokoni, nikaacha kisima, nikawa nachota kabla watu hawajaamka. Harusi ya mtoto wa jirani niliisikiliza ukutani. Na Mute sikwenda. Nilijua Somoe hajarudi kituoni, Amade alinitajia, lakini nikitaka kwenda lazima nipite stendi ya chapa, na stendi ndiko kuliko na midomo. Nikasema nitakwenda wakisahau. Kesho, kesho, mpaka mihogo ikavunwa.

Siku moja ikaja hodi, mke wa mtoto wa Somoe, macho mekundu. "Bibi, mama haamki kitandani, na hataki hospitali. Anasema mpaka akuone wewe."

Nilipita stendi. Hakuna aliyesema kitu, au walisema sikusikia.

Harufu ilinipokea mlangoni Mute kabla ya mtu. Somoe alikuwa amekonda, kitandani amebaki macho na mdomo. Mdomo ulikuwa uleule.

"Umekuja kunizika au kunifundisha?"

"Kwa nini hukurudi, Somoe? Mtoto alikutumia salamu."

"Nilizipata."

"Sasa?"

"Ulisema wakimwona anachoshwa wanamwondoa. Nikajijua mimi ni mgumu. Mjukuu unaye mmoja, Atija. Wangu wote wamekwenda kutafuta kazi ya gesi, mmoja wao hajaniandikia hata salamu. Nikasema, wa mwenzangu abaki."

Niliinama kwenye ubao wa kitanda nikalia, na yeye akanishika kichwa, mgonjwa ananibembeleza mzima.

"Damu, Atija," akasema. "Tangu kabla sijaja siku ile. Damu kama nimekuwa msichana tena, na haikomi."

Tukampakia chapa asubuhi, tumemlaza kwenye mapaja, mkwe wake na mimi. Kituoni nikamshika mkono mpaka ndani ya pazia, nikamwambia Amade neno moja tu, "Mume wangu, mwache aanzie anapotaka", nikatoka. Na Somoe akaanzia mbali. Alianzia kwenye mtoto wake wa kwanza aliyefia njiani, akaja kwa mumewe, akaja kwa shamba, akazunguka kwa jirani. Sauti ile ya kusimamisha magari ilikuwa imekuwa nyembamba kama uzi, na Amade hakumkata hata mara moja. Nje foleni ikanung'unika. Kijana mmoja wa kofia ngumu akasema, "Bibi Um, vipi, mwenzako leo hujamfundisha?" Wakacheka.

Nikasimama mbele ya pazia. "Nyamazeni," nikasema. "Mwenzangu anasema."

Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini walinyamaza.

Amade alitoka baadaye akanawa mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawa. Alisema ugonjwa umekwisha kutambaa, atampeleka Pemba, hospitali kubwa ya mkoa wetu, lakini nisitumaini sana. Nikamuuliza lile nililoliogopa: Somoe angesema siku ile, angepona?

"Sijui, Bibi. Labda ingekuwa vilevile." Akajifuta mikono. "Labda isingekuwa."

Angenipiga ningelala. Hiyo "labda" ndiyo inayoniamsha mpaka leo.

Pemba walimrudisha. Alifia Mute, nyumbani kwake, na mimi ndiye niliyemwosha, kwa kuwa tulitoka unyago mmoja na hiyo ni haki ya mwenzako. Sitasema nilichokiona. Nitasema tu kwamba chini ya godoro tulikuta kanga zake zote, zile nzuri za harusi za watoto wake, amezichana vipande kwa mikono yake, vimefuliwa, vimekunjwa vizuri, vinangoja zamu. Alikuwa anafua peke yake gizani ili asimchoshe mtu.

Mzee Laurindo alikuja matangani kutoka bara. Alikula akiwa amekaa, hakusema utani wowote, na mimi sikuwa nao.

Na Amade? Walimhamisha hata hivyo. Zamu ya kawaida ya serikali, miaka yake ilifika wakamtaka kwingine, hakuna aliyempima wala aliyemuuliza kama amechoka. Alinibusu mkono akapanda gari, na nilichokuwa nakilinda kwa jamvi na makofi kikaenda kwa tarishi na muhuri tu.

Unyago bado wananiita, naenda. Lakini ile sehemu ya kuwafundisha wasichana kunyamaza wanapoumia nimeiacha, wakubwa wenzangu wamenuna, wamesema naharibu mila, wanune. Na kituoni nikienda na magoti yangu nakaa kimya kwenye foleni kama wengine. Juzi mwanamke mmoja, mgeni, hajui mimi ni nani, aliniinamia akaninong'oneza, "Bibi, wewe mtu mzima, nikiingia kwa dotori niseme nini?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia, mwanangu, mimi sijui kabisa, nenda tu kaseme, nami nitakushikia nafasi hapa hata ukichukua siku nzima.